Chuo Kikuu Kilichoingia Jikoni: Habari za Antigonish

(Mazungumzo haya tuliyatoa katika ukumbi wa parokia, siku ya semina ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya maendeleo. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao mvua iliwazuia kufika.)





Tulipoalikwa tuliambiwa tuje tuseme juu ya umuhimu wa elimu katika maendeleo. Tukaangaliana ofisini. Habari hiyo mmeisikia mara ngapi? Kila harambee, kila mkutano wa chifu, hata kwenye mazishi, lazima mtu asimame aseme elimu ni ufunguo. Ufunguo wa mlango gani, hasemi. Basi tumeamua kuja na hadithi moja tu, tena ya kweli, ya chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki kilicho mbali sana na hapa. Tumeileta leo kwa sababu mchana mtapiga kura juu ya pesa za mashine ya kusaga, na hatukutaka mpige kura hiyo kabla hamjaisikia.

Chuo chenyewe kinaitwa St. Francis Xavier, yaani Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule mmisionari aliyepita Malindi akielekea India. Kiko katika mji mdogo unaoitwa Antigonish, katika mkoa wa Nova Scotia, mashariki mwa Kanada. Huko ni pwani, lakini msifikirie pwani ya Mombasa. Ni baridi, mawe, na bahari iliyojaa ukungu.

Watu walioanzisha chuo hicho walikuwa wengi wao Waskoti Wakatoliki. Huko kwao Uskoti walifukuzwa kwenye mashamba ya babu zao ili wenye ardhi wafuge kondoo. Tunaona wazee wengine wanatikisa vichwa. Habari ya kufukuzwa shambani haihitaji mkalimani hapa kwetu. Wakapanda meli, wakavuka bahari, wakafika Nova Scotia. Na tuseme ukweli wote: hata huko hawakukuta ardhi tupu. Wenyeji, watu wa kabila la Mi'kmaq, walikuwako tangu zamani, na wao pia walisukumwa pembeni. Hadithi za wahamiaji mara nyingi husahau sehemu hiyo.

Mwaka wa 1853 askofu wao, Colin MacKinnon, alianzisha chuo kidogo kijijini Arichat. Alitaka mapadre na walimu wanaotoka kwa watu wenyewe. Mwaka wa 1855 chuo kikahamia Antigonish, na mwaka wa 1866 kikapewa na serikali uwezo wa kutoa digrii. Kilikuwa chuo kikuu maskini. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wakulima, wavuvi na wachimba makaa ya mawe. Jambo moja akina mama watalipenda: mwaka wa 1897 wanawake wanne walipata digrii zao hapo, na chuo hicho kinahesabiwa kuwa cha kwanza cha Kikatoliki katika Amerika ya Kaskazini kuwapa wanawake digrii pamoja na wanaume. Wakati huo sehemu kubwa ya dunia ilikuwa bado inabishana kama mwanamke ana akili ya kusoma.

Mpaka hapo mtasema ni chuo kama vingine. Ni kweli. Tena kilikuwa na ugonjwa wa vyuo vyote. Kijana anatoka kijijini, wazazi wanauza ng'ombe ili asome, anapata digrii, halafu harudi. Anakwenda Boston, anakwenda Montreal. Kijiji kinabaki na wazee na deni la ng'ombe. Kwa hiyo chuo kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri sana, na kwa kufanya hivyo kinakimaliza kijiji. Ninyi hapa ambao watoto wenu wako Nairobi mnajua tunasema nini.

Sasa anaingia padre mmoja mfupi, mwembamba, mwenye maneno mengi. Jina lake James Tompkins, lakini watu walimwita Padre Jimmy. Alizaliwa mwaka wa 1870 huko Margaree, bonde la wakulima, na tangu 1902 alikuwa mwalimu wa chuo, baadaye akawa naibu wa mkuu. Mifuko yake ilijaa karatasi alizokata kwenye magazeti. Ukikutana naye njiani hakuulizi habari za nyumbani, anakutolea karatasi: umesoma hii? Usiposoma, kesho atakuuliza tena. Mwaka wa 1912 alikwenda London kwenye mkutano wa vyuo vikuu, akasikia habari za vyuo vinavyotoka nje ya ukuta na kuwafuata watu waliko. Akarudi na moto ndani yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliandika kijitabu cha kukisihi chuo chake kiwapelekee wananchi maarifa. Na mwaka wa 1921 wakaanzisha Shule ya Wananchi pale Antigonish. Wakaja wanaume kama hamsini hivi, wakulima hasa, katika miezi ya baridi ambapo shamba limelala. Hakuna aliyeulizwa cheti. Wengine walikuwa na mvi. Walifundishwa kilimo, hesabu, uchumi, kusema mbele ya watu. Mtu ambaye hakumaliza shule ya msingi anakaa kwenye dawati la chuo kikuu! Fikirieni.

Basi mngedhani padre huyo atapewa shukrani. La. Wakati huohuo Shirika la Carnegie kutoka Marekani lilipendekeza vyuo vyote vya mikoa ile viunganishwe mjini Halifax, Wakatoliki pamoja na Waprotestanti. Padre Jimmy akaunga mkono kwa nguvu. Askofu wake, James Morrison, akapinga. Aliogopa chuo cha Kikatoliki kitamezwa. Kila mmoja alikuwa na hoja yake. Mwisho wa mwaka 1922 Padre Jimmy akahamishwa chuoni, akapelekwa kuwa paroko wa Canso, kijiji cha wavuvi kwenye ncha ya nchi, miamba mitupu. Alikuwa na miaka 52. Sisi tunaofanya kazi katika ofisi za kanisa tunajua uhamisho wa namna hiyo unavyouma. Alitii, akaenda.

Na sisi tunaamini, ingawa si lazima mkubali, kwamba bila uhamisho huo tusingekuwa na hadithi ya kuwaambia leo. Kwa maana pale Canso alikuta hali ambayo vitabu havikuwa vimemwonyesha. Mvuvi anakwenda baharini usiku, anarudi na samaki, bei inapangwa na mnunuzi. Nyavu anakopa kwa mnunuzi huyohuyo. Unga, chai, viatu vya watoto, anakopa katika duka la mnunuzi huyohuyo. Mwisho wa mwaka wanafanya hesabu, na mvuvi anadaiwa. Anayeandika daftari ni mwenye duka. Mvuvi wengi wao hawakuweza kulisoma. Kwetu tunawaita mabroka. Huko walikuwa na majina mengine, kazi ni moja.

Padre Jimmy hakuanza na mahubiri makali. Alianza kuwauliza maswali. Kwa nini bei iko hivi? Nani anaipanga? Samaki wako anakwenda wapi baada ya kutoka mkononi mwako? Akawapa magazeti, akawasomea, wasiojua kusoma wakafundishwa. Kwa miaka mitano hakuna kilichoonekana. Tunarudia: miaka mitano.

Halafu tarehe 1 Julai 1927 Kanada ilikuwa inasherehekea miaka 60 ya kuungana. Bendera, nyimbo, hotuba. Wavuvi wa Canso wakakutana wakaulizana: sisi tunasherehekea nini? Wakaandika malalamiko yao, magazeti yakayachapa, mapadre wa jimbo wakawaunga mkono. Serikali ikaunda tume chini ya jaji MacLean, na Padre Moses Coady wa chuo kikuu akaenda kutoa ushahidi mbele yake. Tume ikatoa taarifa mwaka wa 1928 ikisema, pamoja na mengine, kwamba wavuvi wasaidiwe kuunda vyama vya ushirika.

Mwaka huohuo wa 1928 chuo kikuu kikakubali kuunda idara ya elimu kwa wananchi. Haikuwa huruma tu. Wahitimu, mapadre na chama cha Waskoti Wakatoliki walikuwa wamesukuma sana, hata kukawa na hofu kwamba wakizungushwa tena watafanya kazi hiyo bila chuo. Wakati mwingine wakubwa husogea wanaposikia watu wako tayari kuondoka bila wao. Mkurugenzi akawa huyo Padre Coady, binamu yake Tompkins, naye mtoto wa Margaree, aliyezaliwa 1882. Huyu alikuwa kinyume cha binamu yake: mtu mkubwa, mrefu, sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti. Kwanza serikali ilimtuma azunguke pwani yote kuwakusanya wavuvi, na mwaka wa 1930 wakaunda muungano wao wa mkoa mzima na mikoa jirani. Mwaka huo ndipo idara ikaanza kazi kwa kweli, Coady akiwa na msaidizi wake, A. B. MacDonald, na ofisi ndogo sana.

Hapa ndipo tunaomba masikio yenu, kwa sababu namna walivyofanya kazi ndiyo sababu ya kuja kwetu.

Walifika kijijini wakaitisha mkutano mkubwa. Coady anasema, anawachoma watu, anawafanya waone aibu na tumaini kwa pamoja. Mkutano ukiisha hakuna mradi uliotangazwa. Hakuna pesa iliyogawanywa. Watu wanaulizwa tu: nani wako tayari kukutana kila wiki kujifunza? Wanagawanyika majirani kwa majirani. Wanakutana jikoni, kwa maana jikoni ndiko kuna jiko la moto na baridi ni ya kuua. Chuo kinawatumia karatasi za masomo na vitabu vya kuazima. Hakuna mwalimu. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanabishana. Baada ya majuma kadhaa vikundi vyote vya eneo vinakutana pamoja, kila kimoja kinaeleza kimefika wapi.

Mwaka wa kwanza walipata vikundi 173 vyenye watu 1,384. Gawanyeni wenyewe: ni watu 8 kwa kikundi. Jumuiya zetu ndogo ndogo hapa zina nyumba ngapi? Mnaona.

Walisoma nini? Si theolojia. Walisoma bei ya kambakoche, wale kamba wakubwa wa baharini. Wakaona kumbe wakiwapeleka Boston wakiwa hai, wao wenyewe, wanapata bei ambayo mnunuzi wa kijijini hajawahi hata kuitaja. Pale Little Dover, kijiji cha mawe matupu karibu na Canso, wavuvi walikata miti wenyewe, wakakopa pesa kidogo, mchango wa Padre Jimmy ukiwamo, wakajenga kiwanda chao cha kutia kambakoche kwenye mikebe. Hawakuwa na malisho ya ng'ombe, kwa hiyo wakaletewa mbuzi wa maziwa kwa ajili ya watoto. Mama mmoja hapa mbele anacheka. Ndiyo, mbuzi wa maziwa kama wale tuliowaletea wenyewe, ila hawakuwala sikukuu ya Krismasi.

Halafu wakasoma habari za akiba na mikopo. Mkumbuke hii ilikuwa miaka ya 1930, dhiki imeshika dunia yote, watu hawana kazi. Ati hao ndio waanze kuweka akiba! Lakini walijifunza jinsi Raiffeisen alivyoanza na wakulima wa Ujerumani katika karne ya 19, na jinsi Desjardins alivyoanza na watu wa parokia yake huko Lévis, Quebec, mwaka wa 1900. Mwanasheria mmoja, Roy Bergengren, akaja kutoka Boston kuwasaidia, na mwaka wa 1932 mkoa ukapitisha sheria ya vyama vya akiba na mikopo. Watu waliweka senti tano, senti kumi. Mkopeshaji anakujua, mama yako anamjua, na ukichelewa kulipa unakutana naye Misa ya pili. Hiyo ndiyo dhamana. Leo tunaita sacco, tunadhani zilianzia Nairobi.

Wanawake je? Tangu 1933 Masista wa Mtakatifu Martha waliingia katika kazi hiyo. Sista Marie Michael MacKinnon na wenzake waliendesha maktaba, wakaandika masomo, wakawajibu watu barua. Mwalimu mmoja, Ida Gallant, alizunguka kwa wake za wachimba makaa akiunda vikundi vyao. Ni kweli kwamba wakubwa walipenda wanawake wasomee zaidi habari za kusuka na kupika, na vyeo katika vyama vilikaa kwa wanaume. Lakini aliyeketi usiku jikoni akinakili hesabu mara nyingi alikuwa mama. Tunasema hili kwa sababu katika kamati zenu tano tulizoona, waweka hazina ni akina mama wanne, na wenyeviti ni wanaume watano.

Kuna habari moja tunaipenda kuliko zote. Mwaka wa 1935 Padre Jimmy alihamishiwa Reserve Mines, mji wa wachimba makaa. Jambo la kwanza, akafungua maktaba ndani ya nyumba ya mapadre. Wachimbaji walikaa katika nyumba za kampuni, mbovu, zinazovuja. Kikundi kimoja wakasema wanataka kujenga nyumba zao. Mama mmoja kutoka New York, Mary Arnold, aliyejua mambo ya nyumba za ushirika, akakaa nao. Mnadhani walianza kuchimba msingi? Hawakuanza. Walisoma. Miezi na miezi walisoma habari za mikopo, riba, kodi, mabomba, mbao. Walitengeneza nyumba ndogo za karatasi ngumu, wakazibeba nyumbani kuonyesha wake zao, wakaambiwa jikoni ni padogo, wakarudi kuzitengeneza upya. Sheria ya mkoa ilimtaka mkopaji awe na kiasi cha pesa mkononi, nao hawakuwa nacho, kwa hiyo waliomba jasho lao lihesabiwe badala ya pesa, na sheria ikarekebishwa. Kufikia 1938 nyumba 11 zikasimama, wamejenga wao wenyewe baada ya kutoka mgodini. Wakaziita Tompkinsville.

Mwaka wa 1939 Coady aliandika kitabu, Masters of Their Own Destiny, yaani watu walioshika wenyewe usukani wa maisha yao. Kikasomwa nchi nyingi. Baada ya vita vikuu vya pili wageni wakaanza kumiminika Antigonish: mapadre, maofisa wa ushirika, walimu, kutoka Asia, visiwa vya Karibi, Amerika ya Kusini, Afrika. Padre Jimmy akafariki 1953. Coady, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka, aliacha ukurugenzi mwaka wa 1952, akafariki Julai 1959. Mwaka huohuo chuo kikafungua taasisi yenye jina lake, Coady International Institute, kwa ajili ya kuwafunza viongozi wa maendeleo kutoka nchi kama zetu. Mpaka leo ipo, na Wakenya wamepita huko, mapadre, masista na walei. Yule aliyetufundisha sisi kuandika vitabu vya hesabu, miaka mingi iliyopita, alifundishwa na mtu aliyefundishwa Antigonish. Ndiyo maana tunaisema habari hii kama habari ya ukoo.

Hatutaki mwondoke mkidhani huko ni mbinguni. Muungano mkubwa wa wavuvi ulianguka katika miaka ya 1980. Mwaka wa 1992 serikali ya Kanada ilisimamisha uvuvi wa samaki aina ya chewa wa kaskazini kwa sababu walikuwa wamevuliwa mpaka karibu kwisha, na pwani nzima ya Atlantiki ikaumia. Migodi ya makaa ya Cape Breton ilifungwa, wa mwisho wa serikali mwaka wa 2001. Maduka mengi ya ushirika yalishindwa na maduka makubwa ya kisasa. Na kuna jambo ambalo watu wa huko wenyewe husema: vyama vilipokua, vikaajiri mameneja wenye tai, wanachama wakaacha kukutana jikoni. Wakabaki wateja. Mteja akiona bei nafuu kwingine, anaondoka. Vyama vya akiba vimedumu kuliko maduka, ingawa vingi vimeunganishwa na kuwa vikubwa.

Hapa kwetu Afrika Mashariki vyuo vyetu vya Kikatoliki vimepita njia zao. Kile cha Nairobi kilianza 1984 kama taasisi ya theolojia ya maaskofu wa AMECEA, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili akakifungua rasmi Agosti 1985, na mwaka wa 1992 kikapata hati ya serikali kuwa chuo kikuu. Huko Tanzania, Nyegezi karibu na Mwanza, White Fathers walianzisha mwaka wa 1960 shule ya kuwafunza watu kazi za jamii, na mwaka wa 1998 ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Yaani Antigonish chuo kikuu kilishuka kwa wananchi. Nyegezi shule ya wananchi ilipanda ikawa chuo kikuu. Vyote viwili vina maana. Sisi tunapenda zaidi kushuka, labda kwa sababu hatukupata nafasi ya kupanda.

Sasa tuje kwenye mashine.

Ninyi mnajua, na sisi tunajua. Mashine ya kwanza ilikuja kwa mkono wetu, ofisi hii. Tuliandika ombi, mfadhili akatoa, tukaja na lori, mkaimba, tukapiga picha. Ilisaga miezi kumi na minne. Daftari la mauzo liliandikwa miezi mitatu ya kwanza, baada ya hapo kuna kurasa nyeupe. Watu walisaga kwa deni, na deni halikuandikwa. Mota ilipoungua hakukuwa na pesa ya kuitengeneza, na kila mmoja akamtazama mwenzake vibaya. Familia mbili mpaka leo hazipeani amani wakati wa Misa. Tulilaumu kamati. Leo tunasema mbele yenu kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu: tuliwaletea mashine, hatukukaa nanyi hata jioni moja kusoma jinsi mashine inavyokula na inavyolisha. Tulikuwa na haraka ya kuandika ripoti.

Sasa yuko mfadhili mwingine. Atatoa nusu kama ninyi mtatoa nusu, na nusu yenu ni akiba yote ya vikundi ya miaka minne. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwaka. Tumewapigia simu, tumeomba watupe miezi sita, wakasema watajaribu lakini hawaahidi. Kwa hiyo tusidanganyane: mkiamua kusoma kwanza, pesa hizo zinaweza kwenda parokia nyingine. Wengine watawacheka. Tumesikia mzee mmoja hapo nje akisema, maskini anayekataa mashine ni mwendawazimu. Hoja yake ina uzito na hatuibezi. Tumbo la mtoto halingoji masomo.

Lakini tumeona miaka hii akiba za watu zikiyeyuka katika vyama vikubwa kuliko hiki, vyenye ofisi za vioo, kwa sababu wanachama walisaini bila kusoma. Akiba yenu ni ya mama wa maharage na kijana wa bodaboda. Ikipotea mara hii, hakuna atakayeweka tena shilingi katika kikundi cha kanisa, na hatutamlaumu.

Tunachopendekeza ni hiki. Kila jumuiya itoe watu wanane. Wakutane jioni moja kila wiki nyumbani kwa mtu, kwa miezi sita. Sisi tutaleta karatasi za masomo kwa Kiswahili rahisi: daftari la mapato na matumizi, bei ya dizeli na ya umeme, uchakavu wa mashine, mkopo na riba, jinsi ya kumwondoa mwenyekiti bila vita. Hatutaleta mwalimu. Daftari la mashine ya zamani, lenye zile kurasa nyeupe, tutalinakili na kila kikundi kitapata lake. Hilo litakuwa somo la kwanza. Kila mwezi tutakutana wote hapa ukumbini. Posho ya kuhudhuria hakuna, tusiulizane. Chai kila nyumba itapika yake.

Kama mkiamua kuchukua mashine sasa, tutawaandikia barua kwa mfadhili kesho asubuhi na hatutanuna. Tutaomba tu daftari likaguliwe kila mwezi mbele ya wote, na si na kamati peke yake.

Mambo mawili madogo kabla ya chai. Kura itakuwa ya siri; karatasi ziko kwa Sista pale mezani, na kila mwanachama aliyeweka akiba ana kura moja, awe ameweka nyingi au kidogo. Na wale wa jumuiya ya ng'ambo ya mto ambao daraja limewazuia, katekista amekubali kuwapelekea karatasi zao kesho, kwa hiyo hatutahesabu kura mpaka Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Maswali sasa. Tuanze na huyo mzee wa mwendawazimu, tumemwona ameinua mkono.